Kicheko cha Nduli

Baba alicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa ukimya, hata kwa kuambiwa nizime kompyuta na kuirudisha chumbani. Kicheko sikukitegemea.

Ilikuwa Desemba 2019, nyumbani Bunazi, siku ya tatu tangu nishuke kwenye basi la kutoka Mwanza. Umeme ulikatika tangu alasiri. Kompyuta ilikuwa na chaji ya kama saa mbili, na mezani mama alikuwa ametuwekea bakuli la senene, wale wa mwisho wa msimu, waliokaangwa wakakauka hadi wanalia mdomoni. Kwenye flashi nilikuwa na filamu ambayo nilitembea nayo miaka 11 bila kuthubutu kumwonyesha mzee: The Last King of Scotland, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald, ambamo Forest Whitaker anamwigiza Idi Amin.

Wasiotoka kwetu wanivumilie kidogo. Bunazi iko kaskazini ya Mto Kagera, katika ile pembe ya nchi ambayo jeshi la Amin liliivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na yeye mwenyewe akatangaza kuwa ni ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, na wale ambao hawakuwahi kuvuka wakabaki huku na askari. Jina la Idi Amin kwetu halitamkwi peke yake, linatanguliwa na nduli. Redio ilimwita hivyo, walimu wakatufundisha hivyo, na mimi hadi darasa la tatu niliamini kuwa Nduli ndilo jina lake la kwanza. Baba alikuwa na miaka 19. Alivuka na bibi, mbuzi wawili na godoro moja. Kaka yake mkubwa hakuvuka. Katika maisha yangu yote habari ya baba mkubwa ilikuwa na urefu huohuo mmoja: hakuvuka.

Basi ndiyo maana niliogopa.

Amin wa kwanza niliyemwona kwenye skrini hakuwa huyu wa Whitaker. Nilikuwa na miaka kama 11, kwenye kibanda umiza cha karibu na stendi, mabenchi ya mbao na pazia la turubai mlangoni. Waliweka mkanda wa Rise and Fall of Idi Amin, ile iliyotengenezwa Kenya mwaka 1981 na Sharad Patel, na aliyemwigiza Amin ni Mkenya Joseph Olita. Olita alifanana naye mno. Mabega yaleyale, mashavu yaleyale, kiasi kwamba miaka kumi baadaye akaitwa tena kumwigiza Amin kwenye filamu nyingine, Mississippi Masala. Wazee waliokuwamo kibandani siku ile walimtukana kwenye kioo kana kwamba anasikia. Mmoja alirusha kandambili.

Lakini sisi watoto tulitoka pale tukicheza. Kweli tulicheza. Tulikata vijiti tukawa bunduki, tukagombania nani awe Nduli. Ile filamu ilijaa damu, na kila alipotokea yule mtu ulijua kuwa kuna jambo baya linakuja, ukajiandaa, likaja, likapita. Alikuwa zimwi wa hadithi za bibi. Zimwi ana mkia, ana jicho moja, unamjua tangu yuko mbali. Mtoto analipenda zimwi la namna hiyo kwa sababu halimdanganyi. Simlaumu Olita hata chembe. Nadhani alipewa kazi ya kuigiza zimwi na akaifanya barabara. Nasema tu kwamba nililala usingizi mzuri usiku ule.

Mwaka 2008 sikulala. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, Mwanza, chumba cha kupanga Nyegezi, na rafiki yangu alikuja na DVD ya filamu nane kwa pamoja, zile zenye picha ndogondogo kwenye kava. Nilitaka kuangalia nyingine kabisa. Nilipoona jina la Amin kwenye maelezo nikasema ngoja nione wanamwigizaje safari hii.

Kuna tukio la mapema, na mpaka leo nikitaka kumweleza mtu uigizaji ni nini, namweleza hili. Daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, ambaye anaigizwa na James McAvoy, amefika Uganda mwaka 1971, mwaka ambao Amin ameshika nchi kwa mapinduzi. Gari la Rais limegonga ng'ombe barabarani. Rais ameumia mkono. Daktari anaitwa aje aufunge. Pembeni ng'ombe anakufa polepole, analia kwa sauti ile ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye mifugo anaijua na haiwezi, na mwenye ng'ombe amesimama na fimbo yake hajui la kufanya. Daktari anashindwa kuvumilia. Anachukua bastola ya Rais mwenyewe, anampiga ng'ombe risasi. Askari wote wanamwelekezea bunduki.

Sasa mtazame Whitaker. Uso wake unafunga. Si kwamba anakunja sura. Unafunga, kama dirisha la duka linavyofungwa mwenye duka akisikia vurugu mtaani. Jicho lake la kushoto, ambalo kope yake imelegea tangu kuzaliwa, linazidi kushuka. Anamuuliza kijana kama yeye ni Mwingereza, na katika lile swali unasikia kabisa kuwa jibu lina uzito wa roho ya mtu. Kijana anasema yeye ni Mskoti. Na ule uso unafunguka! Wote, kwa mara moja, meno, mashavu, macho. Anaipenda Uskoti, alipigana pamoja na Waskoti, watu wazuri, mashujaa. Anaiona tisheti ya kijana yenye jina la nchi yake, anaitaka kwa ajili ya mwanawe, na kwa malipo anavua shati lake la jeshi, lenye nishani na vyeo, anampa. Kijana analivaa huku anacheka kama mtu aliyeokota pesa.

Mimi pia nilitabasamu. Binti wa Bunazi, mtoto wa mtu aliyevuka Kyaka na godoro kichwani, nimekaa kwenye godoro langu Nyegezi namtabasamia Nduli. Nilipojitambua mwili ulinisisimka, na tangu hapo filamu ile ilikuwa imenishika. Kila alipocheka nilicheka kwanza halafu nikajuta. Saa mbili nzima za kucheka na kujuta.

Huku kwetu mwigizaji akilia machozi ya kweli tunasema amevaa uhusika. Naupenda msemo huo, nautumia na wanafunzi wangu (nafundisha Kiswahili sekondari, na jioni nasimamia kikundi chao cha maigizo). Ila nimeona unatupotosha kidogo. Tunadhani kuvaa uhusika ni kuzidisha. Mwambie kijana wa kidato cha pili aigize mtu mbaya, atatoa macho, atakaza shingo, atanguruma hadi akauke koo. Anaigiza ubaya. Whitaker haigizi ubaya hata mara moja. Anaigiza mtu anayetaka kupendwa, anayeogopa kufa, anayeona wivu, anayependa utani, anayeudhika haraka. Ubaya tunauona sisi, kutoka upande wetu. Yeye yuko ndani, na kutoka ndani Amin ni mtu mwema anayezungukwa na wasaliti.

Na hakufika humo ndani kwa kubahatisha. Aliongeza uzito mwingi, si kwa ajili ya sura tu bali kutembea kwenyewe kubadilike. Tazama anavyoinuka kwenye kiti, mtu aliyewahi kuwa bondia bingwa wa nchi na sasa amenenepa, mwili bado unakumbuka ngumi. Alijifunza kupiga kodiani kwa sababu Amin alipiga kodiani. Aliitazama sana filamu ile ya mwaka 1974 ambayo mwongozaji Barbet Schroeder alimrekodi Amin mwenyewe, Amin akiwa anajionyesha kwa furaha yake. Picha zilipigwa Uganda kwenyewe, na huko alikaa na ndugu wa Amin, waliokuwa maofisa na mawaziri wake, na watu walioumizwa naye. Na alijifunza Kiswahili.

Hapo kwenye Kiswahili naomba nikae kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Amin aliingia jeshi la kikoloni, King's African Rifles, mwaka 1946, na lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili. Ndicho alichotolea amri, alichotania, alichogombeza. Mwaka 1973 akakitangaza kuwa lugha ya taifa la Uganda. Ndiyo sababu moja iliyofanya Waganda wengi wa umri wa baba yangu wasikipende: kwao ilikuwa lugha ya mwenye bunduki kizuizini usiku. Niliwahi kupanda basi na mama mmoja wa Masaka aliyeniambia, kwa upole kabisa, kwamba akisikia Kiswahili cha amri tumbo linamkaza mpaka leo. Mimi ninayefundisha mashairi kwa lugha hiyohiyo sikuwa na la kumjibu.

Msikilize sasa Whitaker anavyosema Kiingereza kwenye filamu hii. Hajabandika lafudhi juu juu kama ninavyowasikia waigizaji wengi wa Marekani wakijaribu kuwa Waafrika, wote wakiwa na lafudhi moja ambayo haitoki nchi yoyote. Kiingereza chake kimekalia Kiswahili. Silabi zinatembea moja moja, kila irabu imepewa haki yake, mkazo unaangukia pale ambapo sisi tungeuweka. Anamwita Nicholas kwa namna ya mtu ambaye ulimi wake unataka kuongeza irabu mwishoni na unajizuia. Nimesikia sauti hiyo kwa maofisa, kwa mapadri, kwa mwalimu mkuu aliyenifundisha. Ni sauti ya watu ninaowaheshimu. Zimwi la kibandani lilikuwa geni; huyu anaongea kama mjomba wangu.

Rudini sasa Bunazi, kwenye kicheko cha baba.

Ni lile tukio la usiku. Daktari anaamshwa, anakimbizwa hadi chumbani kwa Rais. Amin yuko kitandani, kifua wazi, jitu zima linagaagaa na kulia, limeshika tumbo, limeshawishika kwamba limetiliwa sumu. Walinzi wanatetemeka kuliko mgonjwa. Daktari anampapasa tumbo, anagundua ni gesi tu. Anambonyeza, hewa inatoka kwa kishindo, na Rais wa Uganda anatulia kama mtoto aliyenyonya akashiba. Halafu anaona aibu, halafu anacheka aibu yake, na wote chumbani wanapata ruhusa ya kucheka.

Baba alicheka hadi akashika meza. Senene wakamwagika. Mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini, baba akashindwa kumjibu, akaonyesha kioo kwa kidole. Sijui kama niliwahi kumwona akicheka hivyo tangu nizaliwe. Kisha nikaona kicheko kinapungua, si kwa ghafla, kinapungua kama maji yanavyoisha kwenye bomba, na akabaki ameshika kitambaa chake cha kufutia jasho. Hakusema kitu. Akaniashiria niendelee.

Waganda wawili kwenye filamu hii lazima niwataje, kwa sababu huku kwetu watu humsifu Whitaker peke yake. Abby Mukiibi anaigiza Masanga, mkuu wa usalama, mtu anayesimama tu pembeni ya fremu, na kusimama kwake kunatosha. Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha Ndere cha Kampala, anaigiza waziri wa afya, Jonah Wasswa. Wasswa ni mtu makini wa makaratasi, ndiye pekee anayemtazama yule daktari kijana kwa macho ya kumshuku. Kijana anamwona akizungumza na Mzungu hotelini, anakwenda kumnong'oneza Rais. Basi. Wasswa haonekani tena. Hatuonyeshwi risasi wala shimo. Tunabaki na uso wa Rwangyezi wa dakika chache zilizopita, uso wa mtu aliyekuwa na kazi nyingi za kesho, na ukweli kwamba hakuwa na hatia yoyote. Nadhani hapa ndipo filamu inapouma kuliko kwenye damu yake yote.

Kwa sababu damu ipo, na nitasema ninavyoiona. Mwili wa Kay, mke wa Rais, unaonyeshwa umekatwakatwa mezani hospitalini. Kay Adroa alikuwepo kweli, na alikufa kweli mwaka 1974, mwili wake ukakutwa vipandevipande kwenye buti la gari. Ila huo uhusiano wa kimapenzi na daktari wa Kizungu ambao kwenye filamu ndio unaomuua, ni wa kubuni, kama daktari mwenyewe alivyo wa kubuni. Sikupenda. Kerry Washington anayemwigiza alikuwa ameshatupa hofu yote tuliyoihitaji, kwa namna anavyoongea chini chini ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baada ya uigizaji wa namna ile, kutuonyesha mzoga ni kutokutuamini. Baba aligeuza uso akatazama dirishani, na mimi pia, na tulipogeuka picha ilikuwa imeshabadilika na hatukupungukiwa na chochote. Unaweza kufumba macho damu ikapita. Kicheko cha yule mtu kinaingia masikioni hata ukifumba.

Halafu kuna yale mazungumzo baada ya Waasia kufukuzwa, amri ya mwaka 1972 iliyowapa siku 90 waondoke. Mambo yameharibika, dunia inamcheka Rais. Anamlaumu daktari: ulipaswa kuniambia nisiwafukuze. Daktari anasema nilikuambia. Na Whitaker anamjibu kwamba ndiyo, uliniambia, lakini hukunishawishi. Hukunishawishi, Nicholas.

Nimejaribu sentensi hiyo na wanafunzi wangu, bila kuwaonyesha filamu, maana si ya watoto. Wanaisema kwa ukali. Wote. Whitaker anaisema kwa kuumia. Anaisema kama mtu aliyeachwa peke yake na rafiki. Unamwonea huruma kabla hujakumbuka kwamba familia maelfu kwa maelfu zimepanda ndege na begi moja moja, na kwamba huyu anayesikitikiwa ndiye aliyetia saini. Mimi ndimi niliyemhurumia, filamu haikunilazimisha. Hicho ndicho ninachokiita nguvu ya uigizaji wa namna hii: inakushirikisha. Unatoka ukiwa umehusika.

Na mwisho kabisa, Entebbe, wakati wa mateka wa ile ndege ya Air France ya mwaka 1976, daktari amekamatwa, amepigwa, na Amin anamwambia maneno ambayo mwenzangu mmoja wa shuleni anayakumbuka kwa moyo. Kwamba je, ulidhani haya yote ni mchezo? Ulidhani utakuja Afrika ucheze Mzungu kati ya wenyeji? Sisi si mchezo. Sisi ni watu wa kweli. Nilipomsikia mara ya kwanza nilitikisa kichwa kukubali. Miaka mingapi tumeangalia filamu ambazo sisi ni mandhari tu nyuma ya steringi Mzungu, na hata hii nayo, kusema kweli, imefanya hivyohivyo: nchi nzima inachinjwa, na tunaulizwa kama kijana mmoja wa Uskoti atapona. Sasa mtu anasimama ndani ya filamu hiyohiyo anaikemea, na anayesimama ni Nduli, na dakika inayofuata anaamuru kijana atundikwe kwa kulabu. Whitaker haipigii kelele hotuba ile. Anaisema polepole, amechoka, kama baba anayemwonya mtoto kwa mara ya mwisho. Ukweli umewekwa mdomoni mwa mwuaji, na yeye ameusema vizuri mno kiasi kwamba huwezi kuukataa wala kuupokea.

Baba hakuisikia. Chaji iliisha pale uwanja wa ndege, kabla Amin hajaanza kusema. Kioo kikawa cheusi, tukabaki na mwanga wa taa ya sola kutoka jikoni.

Tulikaa. Nje vyura walikuwa wanapiga kelele upande wa bondeni.

"Huyu ni Mnubi wa wapi?" akaniuliza.

"Si Mnubi, Tata. Ni Mmarekani. Amezaliwa Texas."

"Mmarekani hawezi kucheka hivyo."

Nikamwambia alipewa Oscar kwa ajili ya kicheko hicho, Februari 2007, na kwamba aliposimama kuipokea alisema akiwa mtoto aliona filamu kutoka kiti cha nyuma cha gari la wazazi wake, na akawashukuru watu wa Uganda kwa kuipa filamu roho. Baba alitikisa kichwa taratibu. Sidhani alikuwa ananisikiliza.

"Kaka yangu alikuwa na rafiki upande ule," akasema.

Sijawahi kumsikia akianza sentensi na maneno kaka yangu. Niliogopa hata kusogeza kiti.

Akaniambia kwamba kabla ya vita askari wa Uganda walikuwa wakivuka Mutukula kuja kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na wa kwetu wakivuka kwenda kuuza kahawa kwa magendo. Kwamba kulikuwa na koplo mmoja, mrefu, mcheshi, anajua hadithi, anawabeba watoto mabegani. Alikuja hata kwenye msiba wa babu, akachimba kaburi na wenzake. Kaka yake na yule koplo walibadilishana vitu, viberiti, sigara, siku moja mkanda wa suruali kwa kofia. Watu walipoanza kukimbia, bibi akiwa ameshafunga godoro, kaka yake alikaa kwenye kizingiti cha mlango akasema yeye hana haja ya kukimbia. Hawa ni watu tuliocheka nao. Akamkumbusha bibi msemo wa Waswahili, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Atabaki alinde ng'ombe, na koplo akija watazungumza.

"Akaja?" nikauliza.

"Sijui nani alikuja."

Waliporudi, mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa kuta. Ng'ombe hakuna. Kaka hakuna, wala mfupa. Baba alisema miaka yote amekuwa akimkasirikia kaka yake kwa ujinga ule, mtu mzima mwenye akili zake kuamini kicheko cha askari, na kwamba hakuwa anajua tena yule koplo alikuwaje mpaka alipomwona Mmarekani wako huyo kitandani na tumbo lake. Akanyamaza. Mama akaleta ndizi, tukala gizani, hakuna aliyeongea habari hizo tena usiku ule.

Asubuhi umeme ulirudi. Nilikuwa nafagia ukumbini, nikiokota senene wa jana chini ya meza, baba akaingia na kikombe cha chai ya rangi, akaketi palepale alipoketi jana. Akaniambia hataki kumalizia filamu. Anataka pale pa shati tu.

Nikamtafutia. Barabara, ng'ombe, bastola, uso unafunga, uso unafunguka. Akasogea karibu na kioo hadi pua inakaribia kugusa. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Tuliirudia mara nne, sauti ikiwa chini ili mama asisikie, na mara ya nne nikaona kwamba hamtazami Whitaker tena. Alikuwa anamtazama yule kijana, anavyovua tisheti yake haraka haraka, mikono juu, uso umefunikwa na kitambaa, haoni kitu, anacheka.